Mwenye Kisu Kikali

Wahenga walisema kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Methali hii nimeisikia tangu utotoni, na katika miaka yangu ya ualimu nimewaandikia wanafunzi ubaoni mara nyingi ili waitolee maelezo. Lakini kila nilipoiandika nilijua moyoni kwamba sikubaliani nayo. Kisu kikali kuliko vyote nilivyopata kuviona kilikuwa mkononi mwa baba yangu, na nyama aliyoikata kwa kisu hicho haikuwa yake.

Kisu hicho ninacho hadi leo. Kimo ndani ya sanduku la mbao nililorithi baba alipofariki mwaka 1987. Ndani yake mna visu vitatu: kimoja kifupi chenye makali yaliyopinda, cha kuchunia ngozi, cha pili chembamba, cha kutenganisha nyama na mfupa, na cha tatu kipana, cha kukatia minofu. Mna msumeno wa mifupa, kulabu nne za chuma, kinoo kilicholika katikati hadi kikabonyea, na mashine ya mkono ya kusagia nyama ambayo mpini wake ulipotea zamani. Wajukuu wangu hudhani babu yao mkubwa alikuwa mwindaji. La hasha. Baba hakuwahi kushika bunduki maishani mwake. Kazi yake ilianza pale kazi ya mwindaji ilipokwisha, yaani mnyama akishaanguka na jua likiwa linapanda.

Ndugu msomaji, nataka nikusimulie habari za vyombo hivi, kwa maana ndani yake mna historia ya nyamapori katika nchi yetu ya Meru na Arusha. Mna pia jambo moja la aibu ambalo nimelibeba tangu nikiwa na umri wa miaka kumi.

Nianze mbali kidogo. Tuna methali nyingine isemayo kwamba akiba haiozi. Aliyeitunga bila shaka alikuwa akifikiria mahindi au fedha. Hakuwa akifikiria nyama. Nyati mmoja dume aweza kuwa na uzito wa kilo 600 au zaidi. Mwindaji na jamaa zake hawawezi kummaliza kwa siku moja, na nzi hawangoji ruhusa. Kwa hiyo watu wote waliopata kula nyamapori katika nchi hizi ilibidi wajibu swali lilelile: tufanye nini na nyama hii kabla ya kesho?

Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wana jibu lao. Wakimwangusha mnyama mkubwa, mara nyingine kambi nzima huhama ikaenda alipo mnyama, badala ya kumbeba mnyama kumpeleka kambini. Nyama hugawanywa kwa wote. Ile inayobaki hukatwa vipande virefu ikaanikwa juani. Atakayeanguka na windo kesho ni mwingine, naye atagawa vilevile. Ukitazama vizuri utaona kwamba ghala lao ni matumbo ya wenzao. Chombo chao cha kuhifadhia ni ujirani.

Wamaasai, kwa desturi, hawali nyama ya porini isipokuwa ile ya wanyama wanaofanana na ng'ombe, kama vile pofu na nyati. Hao wanaoishi kwa kuwinda waliwaita Wandorobo, neno ambalo kwao lina maana ya watu wasio na ng'ombe. Lakini kwa nyama ya mifugo wao wenyewe, Wamaasai walikuwa na maarifa makubwa. Walikaanga vipande vya nyama katika mafuta yake mpaka maji yakauke, kisha wakavihifadhi ndani ya mafuta hayohayo yakiwa yameganda. Nyama hiyo wanaiita olpurda. Mafuta huizuia hewa, na nyama hukaa muda mrefu bila kuharibika. Sisi Wameru tulikuwa watu wa migomba na mifugo. Nyama yetu ilikuwa ya mbuzi na ng'ombe, nayo ililiwa kwa sherehe, ikagawanywa kufuatana na heshima ya kila mmoja. Katika nyumba nyingi za nchi hizi palikuwa na kichanja juu ya mafiga, na moshi wa kila siku ndio uliokuwa mlinzi wa chakula.

Vyombo hivyo vyote, kichanja, kibuyu, mafuta na moshi, havikuhitaji kibali cha mtu. Mambo yalibadilika walipokuja Wajerumani. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulikuwa umewaua ng'ombe wengi mno, pamoja na nyati wa porini, na watu walikuwa wamedhoofika kwa njaa. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya kwanza ya jumla kuhusu uwindaji katika nchi iliyoitwa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Kuanzia hapo kuwinda kukawa na leseni na malipo. Mwaka huohuo wa 1896 wamisionari wawili waliuawa hapa kwetu Akeri, na majeshi ya Wajerumani yakaja kulipiza kisasi juu ya Wameru na Waarusha. Mwaka 1900 boma lilikuwa limesimama Arusha. Sheria ya wanyama na sheria ya watu zilitufikia pamoja. Tangu wakati huo mnyama alikuwa na mwenyewe hata kabla hajauawa.

Baada ya boma wakaja Makaburu. Hawa walikuwa wakulima wa Afrika Kusini ambao baada ya vita vyao na Waingereza, vilivyopiganwa tangu 1899 hadi 1902, waliamua kuondoka kwao. Mnamo miaka ya 1904 na 1905 baadhi yao walifika hapa na magari yao ya kukokotwa na maksai, wakapewa ardhi kuuzunguka Mlima Meru, hasa upande wa kaskazini. Wengi hawakudumu, na wengine walivuka kwenda Kenya. Lakini waliacha kitu kimoja ambacho wazee wetu waliokuwa vibarua wao walijifunza: kukausha nyama kwa namna yao, nyama iitwayo biltongi.

Baba alijifunza biltongi kwa mpishi mzee aliyekuwa amejifunza kwa Makaburu. Namna yake ni hii. Mnofu wa paja hukatwa vipande virefu kufuata nyuzi za nyama, wala si kuzikatiza. Unene wake usizidi vidole viwili. Vipande hulowekwa kidogo katika siki, kisha hupakwa chumvi, pilipili manga na giligilani zilizokaangwa na kutwangwa. Vikishalala usiku mmoja, hutundikwa kwa kulabu mahali penye upepo na kivuli. Jua kali halifai, kwa sababu hukausha nje upesi na kuacha ndani pakiwa pabichi, na hapo ndipo uozo huanzia. Nyama mbichi kwa sehemu kubwa ni maji. Kilo nne zikikauka sawasawa hubaki kilo moja, au moja na nusu. Baba alipenda kufanya kazi hiyo kati ya Juni na Agosti, wakati baridi ya mlimani inaposhuka usiku na nzi wanapokuwa wachache.

Waingereza waliingia Arusha mwezi wa Machi 1916, katika vita kuu ya kwanza. Walipotawala, nao wakaweka sheria yao ya wanyama mwaka 1921, wakaajiri maofisa wa kuisimamia. Watu wakawapa maofisa hao jina la Bwana Nyama. Nalipenda jina hilo kwa sababu linasema ukweli ambao sheria haikuusema. Kwa Kiswahili nyama ni kitoweo, na mnyama ni kiumbe, lakini neno ni moja. Mzungu alisema anawalinda wanyama. Sisi tulisikia kwamba ana mamlaka juu ya nyama.

Baba aliingia kazini mwaka 1938 katika shamba moja lililokuwa kati ya Usa River na Momella, kwanza kama mtoto wa jikoni, na baadaye kama mpishi na mkataji wa nyama. Shamba lilikuwa na vibarua wengi, na mwenye shamba aliona ni nafuu kuwalisha nyama ya porini kuliko kuchinja ng'ombe wake. Alikuwa na leseni, alikuwa na bunduki, na alikuwa na gari.

Nimewahi kumtazama baba akifanya kazi hiyo mara nyingi, na hata sasa naweza kuhesabu hatua zake. Kwanza, dereva wa shamba, aliyekuwa Mwislamu, alikwenda pamoja na mwindaji ili amchinje mnyama kabla roho haijatoka. Bila hivyo nusu ya vibarua wasingekula. Kwa hiyo kisu cha kwanza katika kazi hiyo hakikuwa cha baba, kilikuwa cha dereva. Mnyama akifika, alitundikwa kwa miguu ya nyuma katika tawi la mringaringa. Baba aliufunga utumbo kwa kamba juu na chini, ili uchafu usimwagike juu ya nyama, kisha akatoa matumbo yote upesi. Alisema kwamba nyama haiozi kuanzia nje, huoza kuanzia tumboni. Aliangalia ini na bandama. Alichuna kwa ngumi zaidi kuliko kwa kisu, akisukuma ngozi itengane yenyewe, na kisu kilikuja tu pale palipokataa. Hakuosha nyama kwa maji mengi, kwa sababu maji hueneza uchafu. Aliifuta kwa kitambaa kilichokamuliwa.

Palikuwa na sharti moja ambalo hakulivunja. Mnyama aliyekutwa amekufa porini, hasa akiwa na damu puani isiyoganda, hakuguswa kabisa. Huo ni ugonjwa wa kimeta, ambao haujaisha katika mkoa wetu. Ukimpasua mnyama huyo unaachilia vijidudu ambavyo huweza kukaa ardhini kwa miongo mingi, na huambukiza watu na mifugo. Baba hakujua habari za vijidudu. Alijua tu kwamba mzoga wa namna hiyo haufunguliwi, na alikuwa sahihi.

Nyama iliyokuwa haikaushwi iliingia katika chumba cha mkaa. Vijana wa leo hawakijui chombo hiki, basi nikieleze. Kilikuwa kibanda kidogo chini ya mti. Kuta zake zilikuwa za nyavu mbili za waya za kufugia kuku, zenye nafasi ya kiganja kimoja kati yake, na nafasi hiyo ilijazwa mkaa. Juu ya paa palikuwa na madebe yaliyotobolewa matundu madogo. Maji yalidondoka polepole, mkaa ukalowa, upepo ukapita, na maji yakageuka mvuke yakichukua joto pamoja nayo. Ni kanuni ileile inayoyapoza maji ndani ya mtungi wa udongo. Wakati wa kiangazi ndani mlikuwa na baridi ya kukufanya ujikunyate, na nyama iliweza kukaa siku tatu. Wakati wa masika, hewa ikiwa imejaa unyevu, kibanda kilikuwa kama hakipo. Nyumbani kwa mwenye shamba palikuwa pia na friji la mafuta ya taa, lakini lilikuwa dogo, la siagi na dawa.

Kazi ya kujaza yale madebe ilikuwa yangu. Asubuhi kabla ya shule na mchana niliporudi, nilipanda ngazi na ndoo. Nilijiona mtu mkubwa. Nilikuwa mlinzi wa nyama ya watu wengi.

Sasa nifike kwenye lile jambo.

Mwaka 1951 mambo mawili yalitokea katika nchi yetu. Serikali ilipitisha sheria mpya ya kuhifadhi wanyama, iliyokuwa kali kuliko ya kwanza. Na mwezi wa Novemba mwaka huo, Wameru takriban 3,000 waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki, nyumba zao zikachomwa, ili ardhi yao wapewe walowezi wafuge ng'ombe. Kirilo Japhet alikwenda Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kuishitaki serikali, na dunia ikasikia jina la Meru. Lakini waliofukuzwa walikuwa wamekwisha kutawanyika. Kijana mmoja wa familia hizo alikuja kuwa mchunga ng'ombe katika shamba alilofanya kazi baba. Sitalitaja jina lake. Alikuwa na miaka kama kumi na mitatu alipofika.

Mwaka 1958, mdogo wangu wa kike aliugua usiku. Baba alikuwa kazini. Kijana yule alimbeba mgongoni hadi zahanati, mwendo wa saa tatu gizani, katika njia ambayo nyati hupita. Mdogo wangu akapona. Baba hakuwa na fedha ya kumpa shukrani. Alichukua vipande sita vya biltongi kutoka katika fungu lake mwenyewe, fungu ambalo mwenye shamba alimruhusu kwa mdomo tu, akavifunga katika jani la mgomba, akanituma mimi nivipeleke. Nilivipeleka.

Siku ya tatu askari wa wanyamapori walipita katika boma la ng'ombe wakiwatafuta watu wanaotega mitego ya nyaya. Wakaikuta nyama imechomekwa chini ya paa. Wakamwuliza kijana imetoka wapi. Akasema ni yake. Wakamwuliza kibali. Hakuwa nacho. Hakutaja jina la baba, wala langu.

Alihukumiwa kifungo cha miezi minne.

Baba angeweza kwenda kusema. Lakini kusema kungekuwa ni kukiri kwamba ametoa nyama ya shamba nje bila ruhusa, na sisi tulikuwa watoto sita katika nyumba ya shamba. Mwenye shamba angeweza kuandika karatasi moja tu yenye mistari miwili na kijana angeachiwa. Ila mtu wa kumwomba alikuwa baba, na baba hakuomba. Siku ya hukumu alikuwa chini ya mringaringa akichuna. Ndani ya chumba cha mkaa mlikuwa na nyati mzima aliyetundikwa vipande vipande, halali kabisa, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwagia maji. Nilimwuliza mama kama niende nikaseme. Mama aliniambia, "Nyamaza, mwanangu. Hilo si la watoto." Nikanyamaza. Kwa hiyo usidhani kwamba namhukumu baba peke yake.

Hapo ndipo nilipoanza kuishuku ile methali. Baba alikuwa na kisu kikali, alikuwa na maarifa, alikuwa na kulabu na msumeno. Kijana alikuwa na nyama yenyewe mkononi. Aliyekuwa na haki ya kula ni mwenye karatasi. Karatasi ndiyo chombo ambacho hakikuwamo katika sanduku la baba.

Uhuru ulikuja mwaka 1961. Mwezi wa Septemba mwaka huo, katika mkutano uliofanyika hapahapa Arusha, Mwalimu Nyerere aliahidi kwamba Tanganyika itawatunza wanyama wake kwa ajili ya wajukuu zetu. Kreta ya Ngurdoto ilikuwa imekwisha kufanywa hifadhi mwaka 1960, na mwaka 1967 mlima wenyewe ukaongezwa; leo tunaiita Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Mwenye shamba aliondoka katika miaka ya 1960. Alimwachia baba lile sanduku, na baba akahamia mjini akafanya kazi katika bucha, akikata ng'ombe kwa visu vilevile.

Raia sasa waliweza kuomba leseni, na baadhi ya wateja wa bucha waliokuwa na bunduki walimletea baba pofu au swala amkatie nyumbani. Kila alipoletewa nyama, jambo la kwanza alilouliza lilikuwa karatasi. Aliisoma polepole, herufi kwa herufi, ndipo anoe kisu. Watu walimcheka. Mimi sikucheka. Mwezi wa Septemba 1973 serikali ilipiga marufuku uwindaji wote, na marufuku hiyo ilidumu hadi mwaka 1978. Baba alipaka visu mafuta, akafunga sanduku. Uwindaji uliporudi, hakulifungua tena.

Alipofariki mwaka 1987, watu wengi walikuja kuzika. Miongoni mwa waliochimba kaburi nilimwona mtu mzima mwenye mvi ambaye nilimfahamu mara moja, ingawa sikuwa nimemwona kwa miaka ishirini na tisa. Alipomaliza alinawa mikono, akaja kunipa pole. Nikamvuta kando, nikamwambia maneno yote niliyokuwa nimeyakalia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua, mdogo wangu," akasema. "Baba yako alikuwa na watoto sita. Mimi sikuwa na hata mmoja."

Nikamwuliza kwa nini hakumtaja. Akajibu, "Ningemtaja, tungefungwa wawili. Mmoja alitosha."

Sikuwa na la kusema. Nilitaka kumpa kisu kimoja cha baba, lakini alikataa, akasema kisu cha kazi hukaa na watoto wa mwenyewe.

Tangu hapo vyombo vimebadilika tena. Mjini Arusha wenye uwezo walinunua friza, na mtu akawa anaweza kuweka mbuzi watatu ndani ya sanduku la bati bila jirani kujua. Hapo kweli akiba ikaonekana haiozi. Lakini friza nalo lina bwana wake, ambaye ni umeme. Katika mgawo wa umeme wa mwaka 1992, na tena mwaka 1994, mabwawa yalipokauka, jirani yangu mmoja alikaa na friza lililojaa. Siku ya tatu ya giza alitufungulia mlango, akatuita sote mtaani tuje na sufuria. Tulikula nyama ya ng'ombe, ya mbuzi, na nyingine ambayo mimi sikuiulizia. Usiku ule nikawakumbuka Wahadzabe. Umeme ulipozimika, jirani akarudi kuwa ghala.

Sheria nayo haikulala. Ile ya mwaka 1974, na baadaye ile ya mwaka 2009, zimeifanya nyama ya porini isiyo na kibali kuwa nyara za serikali, katika fungu moja na pembe ya ndovu, na kifungo chake chaweza kufika miaka thelathini. Sitaki nieleweke vibaya. Simtetei jangili. Nimeona twiga aliyenaswa kwa waya wa umeme uliosokotwa kitanzi, shingo imekatika hadi mfupa, na nyama yake ilikuwa inakwenda kuuzwa sokoni kama nyama ya ng'ombe. Mtu huyo haibi kwa njaa, anafanya biashara, na mlaji hajui amelishwa nini wala kama ilikuwa na kimeta. Bila sheria, wanangu wasingemwona nyati Momella. Ila kati ya mfanyabiashara huyo na kijana mwenye vipande sita chini ya paa pana umbali mkubwa, na karatasi haiwezi kuupima umbali huo peke yake. Unahitaji mtu wa kuupima. Unahitaji pia mtu wa kusimama na kusema alilolijua.

Mwaka 2020 serikali ilitoa kanuni za uuzaji wa nyamapori, na mabucha yenye leseni yakaanza kufunguliwa, nyama ikiwa imekaguliwa na mnunuzi akipewa risiti. Nilipopata habari za bucha moja la namna hiyo, nilipanda basi nikaenda. Nilishangaa kuona jinsi palivyokuwa pa kawaida: meza ya vigae, msumeno wa umeme, mizani, jokofu lenye mlango wa kioo. Nilinunua kilo mbili za nyama ya nyati. Kijana muuzaji aliniandikia risiti, nikaikunja nikaitia katika mfuko wa shati, upande wa moyo.

Sikuzipeleka nyumbani kwangu. Nilikwenda kwa yule mzee. Sasa alikuwa amepita miaka themanini, macho hayaoni vizuri, meno yamekwisha. Nilimwamkia, nikamwekea mfuko magotini. Akapapasa, akanusa.

"Hii si ng'ombe," akasema.

"Ni nyati, mzee wangu."

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Ina karatasi?"

Nikaitoa risiti mfukoni, nikaiweka kiganjani mwake. Hakuweza kuisoma. Aliishika tu, akaipitisha kidole gumba juu yake mara kadhaa, kama mtu anayepima makali ya kisu, halafu akacheka, kicheko kirefu cha mzee, hadi mjukuu wake akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Mjukuu akaichukua nyama akaichemsha kwa saa nyingi mpaka ikalainika, nasi tukala pamoja na ndizi. Mzee alikula kidogo, akasema imekosa chumvi.

Nilipoaga alinirudishia risiti. "Mwalimu, usiitupe hii," akaniambia.

Sikuitupa. Ipo ndani ya sanduku la baba, chini ya kinoo.